Kukataa Mara Mbili

TANGAZO. Uongozi wa yadi ya mabasi ya shule unawajulisha wafanyakazi wote kwamba, kuanzia Jumatatu ijayo, ni marufuku kuacha kijiko ndani ya kopo la sukari. Atakayekaidi atachukuliwa hatua. D. Pruitt, Meneja.

Tangazo hilo lilibandikwa juu ya meza ya Solveig Kettunen, ambaye hakuwa na nafasi ya kulisoma. Kwa miaka kumi na minane ameyaongoza kwa redio ya upepo mabasi ya mji wetu wa kaskazini mwa Minnesota, asubuhi na alasiri. Mtoto akitokwa damu puani au akishikwa na kifafa njiani, Solveig ndiye humwelekeza dereva la kufanya mpaka gari la wagonjwa lifike. Kisha mlango wa gari hilo hufungwa, na kwake hadithi huishia hapo. Alipotimiza miaka arobaini na miwili aliamua kuijua sehemu iliyobaki, akaanza masomo ya sayansi yanayotakiwa kabla ya mtu kuomba kusomea udaktari.

Aliyamudu vizuri mpaka muhula huu, chuo kilipofuta maabara ya jioni ya kemia na kubakiza ya Jumatano, saa saba hadi saa kumi. Mabasi hutoka saa nane. Anayekosa maabara mara tatu hufelishwa somo zima, na Solveig alikwisha kukosa mara mbili.

Pruitt, aliyehamia kwetu kutoka Texas mwezi Agosti, alimwita ofisini.

"Solveig, nimesikia habari za maabara yako. Chukua Jumatano mchana, sisi tutajipanga."

"Aa, hapana bosi. Nisikusumbue."

"Sawa," alisema Pruitt, akaandika katika faili lake: *Amekataa.*

Hapa ni lazima nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi. Mtu akikupa kitu, unakikataa mara mbili. Mara ya tatu unakipokea kwa uso wa mtu aliyelazimishwa. Pruitt ni mtu mwema, ila husema anachomaanisha na kudhani wengine nao hufanya hivyo. Solveig alibaki mlangoni akisubiri aulizwe tena.

"Kuna jingine?" aliuliza Pruitt.

"Hakuna."

Solveig alikuja dirishani kwangu, ninapogawa vipuri vya mabasi. Mzee Orville Tveit alikuwapo akinywa kahawa. Amestaafu udereva, lakini jina lake limebaki katika orodha ya zamu za akiba.

"Umekataa?" aliuliza mzee.

"Mara moja tu!"

"Mtu wa Texas huyo, mama! Kwao ukikataa umekataa. Na wewe ndiye utakayetupima magonjwa?"

"Rudi umwambie unaitaka," nilisema.

"Nirudi? Anione mlafi?"

Mwanamke huyu alikuwa amekariri mifupa yote ya mwili wa binadamu. Hatua sita za kurudi ofisini zilimshinda.

"Basi Jumatano nitakaa mimi kwenye redio," alisema Orville.

"Hapana, mzee. Na mgongo wako huo?"

"Nitakuja nao. Nitakaa."

"Aa, una mambo yako."

Orville alikunywa kahawa. Alikunywa kwa muda mrefu kiasi kwamba nilihofia amesahau kuhesabu.

"Haya, nikae, nisikae?"

"Basi, kama unang'ang'ania."

Jumatano Solveig alikwenda maabara. Orville, ambaye hakuwahi kujifunza namba za barabara, aliongoza mabasi kwa majina ya wenye mashamba.

"Basi namba kumi na tisa, kata kushoto kwa marehemu Lundgren."

"Marehemu yupi, mzee? Sioni mtu."

"Ungemwona ningekuhurumia. Kata kushoto!"

Watoto wote walifika kwao, wakiwa wamechelewa dakika nne. Solveig alirudi akinukia dawa za maabara, akatueleza juu ya gramu mbili za fuwele nyeupe alizotengeneza, kwa urefu ambao hakuna aliyeuomba. Hakuna aliyemkatiza. Orville alisema ataendelea kukaa hadi msimu wa kuvua samaki ufunguliwe katikati ya Mei. Maabara ingekwisha wiki moja kabla.

Pruitt, aliyetia saini fomu ya zamu ya akiba, aliniuliza kwa nini mtu akatae kitu anachokihitaji. Nilimweleza. Aliandika maelezo yangu yote, na kwa kuwa ni mwadilifu, akaiandikia Halmashauri ya Shule akiomba neno *Amekataa* lifutwe na Solveig apewe rasmi mchana wa Jumatano.

Jibu lilifika mwishoni mwa Aprili, zikiwa zimebaki Jumatano mbili. Halmashauri iliamua, kwa kura tano dhidi ya mbili, kwamba mfanyakazi aliyekataa alichopewa ana haki ya kuulizwa mara ya pili. Haki hiyo itaanza kutumika Septemba. Suala la mara ya tatu limekabidhiwa kamati.