Uwanja wa Dadi

Huko Kinole, ukiangusha embe mlangoni kwako, utaliokota kwa jirani wa chini. Ndivyo milima ya Uluguru ilivyo. Migomba imesimama upande, nyumba zimeng'ang'ania mteremko, na mtu akikuambia ana shamba tambarare unajua anatafuta mchumba. Katika kijiji kizima palikuwa na kipande kimoja tu cha ardhi iliyolala sawasawa, yenye udongo mweusi na kijito pembeni. Na kipande hicho watu wazima, wenye akili zao, walikuwa wanakikanyaga kwa kucheza mpira.

Aliyeleta wazimu huo alikuwa Dadi. Ujanani alikuwa mpagazi, akafika mpaka Unguja, akawaona Waingereza wakivua makoti yao na kuukimbilia mpira wa ngozi. Alirudi na mpira mmoja na mambo mengi ya kusimulia. Alimwendea Bibi Furaha, mkubwa wa ukoo wenye ardhi ile, akamwomba uwanja. Bibi alicheka, akampa. Wengine walisema alimpa kwa sababu ya maneno yake matamu, wengine kwa sababu ya jogoo aliyekuwa akimpelekea kila mavuno. Mradi alimpa.

Mjerumani alipofikisha reli Morogoro, mpira ukapata wenzake. Vijana wa reli walikuwa na timu yao, vijana wa misheni ya Wakatoliki na yao, na Kinole ya Dadi. Kila kiangazi, jumbe akishamaliza kukusanya kodi na watu wakishapumzika kulima barabara za boma, timu hizo tatu zilikuwa zikitembeleana. Kinole walikuwa hawana viatu wala jezi, lakini walikuwa na Hatibu, nahodha wao, mtu mwenye mbio za kutisha. Dadi alikuwa na amri moja tu, akiipiga kelele kutoka kwenye kigoda chake pembeni, fimbo mkononi: "Piga mbele! Hatibu atafika!" Na Hatibu alikuwa akifika.

Halafu masika moja Dadi akaumwa kifua, na kabla mvua hazijakatika akafariki.

Waluguru hawaachi jina lilale chini. Tanga la msiba lilipoondolewa, wazee walimkalisha Mwinjuma, mtoto wa dada yake Dadi, wakamvika jina la mjomba wake. Tangu saa ile yeye ndiye Dadi. Deni la Dadi lilikuwa lake, na heshima ya Dadi ilikuwa yake. Hatibu, mtu mwenye watoto wanne, alimwamkia shikamoo kijana ambaye juzi tu alikuwa akimtuma maji. Hata mama yake mzazi, Pili, alianza kumwita kaka.

"Kaka, chakula tayari," alisema jioni ya kwanza, akaweka ugali na kurudi nyuma kwa adabu.

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe, kaka yangu. Kula."

Mwinjuma alikula. Alimpenda mjomba wake kuliko mtu yeyote, na sasa hata kumlilia hakuweza vizuri, maana mtu hajililii mwenyewe.

Ni Bibi Furaha peke yake aliyekataa kumwita Dadi. Siku ya tatu baada ya tanga alikuja na jembe begani, akasimama katikati ya uwanja, akaukanyagakanyaga udongo kama anayechagua godoro.

"Ardhi hii nilimpa Dadi," alisema. "Sikuipa timu, wala sikuipa Kinole. Kama wewe ni Dadi, kaa nayo. Kama wewe ni Mwinjuma uliyevaa jina la watu, mvua za vuli zikianza napanda maharage yangu."

"Utajuaje, Bibi?"

"Nitakuja mechi ya mwisho, nitazame. Mimi Dadi namjua."

Basi kiangazi kile Mwinjuma hakulala vizuri. Kama uwanja ungelimwa, mpira wa Kinole ungekwisha, maana huwezi kucheza mpira kwenye mteremko. Utashinda unaufuata mpira bondeni kama mbuzi aliyekata kamba. Na kazi ya mjomba wake yote ingeliwa na maharage, tena mikononi mwake yeye.

Alifanya alichoambiwa, akawa Dadi. Alikaa kwenye kigoda kilekile, akashika fimbo ileile, akapiga kelele ileile: "Piga mbele! Hatibu atafika!"

Tatizo ni kwamba Hatibu hakuwa anafika tena. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba tangu alipobebeshwa mataruma ya reli kule Kilosa. Kila mpira uliopigwa mbele aliukimbilia kwa moyo wote, akaukuta umeshachukuliwa na wapinzani. Mwinjuma aliyaona hayo tangu mechi ya kwanza. Aliona pia kwamba Mosi, mlinda mlango wao, alikuwa anafumba macho kila mpira unapomjia usoni, lakini ukimwekea mpira mguuni anaondoka kama upepo. Hata asiyejua mpira angesema: wabadilishe.

Lakini nani angethubutu? Kinole walikuwa wamefanya kosa ambalo nadhani hakuna timu nyingine duniani imewahi kulifanya. Walirithishana nafasi za mpira kama wanavyorithishana viti vya ukoo. Goli lilikuwa la mjomba wake Mosi, na alipoajiriwa reli, Mosi alilirithi. Kumtoa golini ilikuwa kumtoa mtu kwenye kiti cha mjomba wake, na watu wamegombana kwa mambo madogo kuliko hayo. Mbele palikuwa pa Hatibu kwa sababu Dadi alimweka pale, na Dadi ndiye yeye, sasa Dadi atamwondoaje mtu aliyemweka mwenyewe? Mwinjuma alishika fimbo, akaendelea na amri ileile.

Walifungwa na reli mjini. Walifungwa na misheni kule bondeni. Walipopanda mlima kurudi nyumbani hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Pole, Dadi," walimwambia mmoja mmoja, na kila pole aliisikia mgongoni kama mzigo wa ndizi.

Mechi ya mwisho ilikuwa Kinole, dhidi ya misheni. Watu walijaa kwenye kingo za mlima juu ya uwanja, maana Kinole hukai kutazama mpira, unaning'inia. Bibi Furaha alifika mapema, akaketi kwenye jiwe, jembe likiwa limelala mapajani. Hakumsalimia mtu.

Kipindi cha kwanza kilikuwa aibu tupu. "Piga mbele!" alilia Mwinjuma mpaka sauti ikakauka, na Hatibu alichechemea huku na huko akitokwa jasho. Mosi alifumba macho mara mbili, misheni wakapata mabao mawili. Bao la pili alilifunga nahodha wao, Benedikto. Filimbi ya mapumziko ilipolia, mtu mmoja kule juu alisema kwa sauti ya kusikika kuwa maharage ya pale yatakuwa matamu.

Sasa huyu Benedikto, pamoja na msalaba wake shingoni, alikuwa mtani wa ukoo wa Dadi. Utani hauulizi unaswali wapi. Wakati wa msiba alikuja kama mtani anavyopaswa, akatukana waliolia, akalala kwenye kitanda cha marehemu, akachukua kanzu na kofia yake kama haki yake ya utani. Lakini siku ya kuondoa tanga padri alikuwa amemtuma mbali, kwa hiyo kazi yake hakuimaliza. Kwa desturi, mtani humwigiza marehemu mbele ya mrithi, na mrithi humfukuza kwa maneno ya kinywa chake. Hapo ndipo marehemu huondoka kweli. Pale Kinole hakuna aliyekuwa amemfukuza Dadi.

Wachezaji walikuwa wanakunywa maji kutoka kwenye vibuyu pale Dadi alipotokea migombani.

Watu walipiga ukelele. Alikuwa amevaa kanzu iliyochanika mkono wa kushoto, kofia imelala sikio moja, tumbo limetangulia, mikono nyuma. Mwendo ulikuwa wake kabisa. Benedikto alizunguka uwanja, akakohoa kikohozi cha Dadi, akamnyang'anya Mwinjuma fimbo, akaketi kwenye kigoda.

"Piga mbele!" alinguruma. "Hatibu atafika! Hatibu, mbona hufiki? Fika, mwanangu! Ukichelewa leo, utafika kesho!"

Hatibu alikuwa wa kwanza kucheka. Alijitupa chini, akashika goti, akacheka mpaka akalia. Kisha kingo zote za mlima zikacheka, na wanawake waliomlilia Dadi masika wakajifuta macho kwa khanga, hawajui sasa wanalia au wanacheka. Pili alikuwa amekaa chini kabisa, amejishika mashavu, anamtazama kaka yake aliyekufa akitukana watu kwenye jua.

Mwinjuma naye alicheka.  Kwa mara ya kwanza tangu msiba aliona kwa macho yake kuwa mjomba yuko kule na yeye yuko huku, watu wawili. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

"Nani huyu anayelia?" aliuliza Benedikto kwa sauti ya Dadi. "Mimi ndiye mwenye mpira hapa. Nani mwingine? Mbona sisikii sauti?"

"Mjomba, basi," alisema Mwinjuma.

"Basi nini? Piga mbele! Hatibu..."

"Hatibu hafiki!" Sauti ilimtoka kubwa mpaka yeye mwenyewe alishtuka. "Hatibu hafiki tena, mjomba. Wewe umekufa, na goti lake limekufa, na mimi nimekaa hapa nawatuma watu kwa amri ya maiti. Nimekupenda. Sasa inuka kwenye kigoda uende zako. Toka uwanjani!"

 Benedikto aliinuka taratibu, akavua kofia, akamwekea Mwinjuma mkononi. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Haya, nimetoka," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Umenichelewesha sana, mtani. Joto la kanzu hii linaua. Na msifikiri nitawaonea huruma."

Mwinjuma aliwageukia watu wake kabla ujasiri haujapoa.

"Hatibu, nenda golini."

"Mimi?"

"Wewe. Una mikono mirefu, na huogopi kitu. Mosi, nenda mbele."

Mosi alitazama huku na huku. "Na kiti cha mjomba wangu je?"

"Mjomba wako yuko Morogoro anasukuma mabehewa. Akirudi, nitamwomba radhi mimi, na kuku nitabeba mimi. Na msiupige mbele. Mpelekeeni Mosi mguuni."

Hatibu alimtazama. Kila mtu alijua kuwa neno moja tu la kukataa kutoka kwake, na kijana yule angebaki na kofia mkononi bila timu. Kisha mzee huyo wa mbio akafunga shuka vizuri kiunoni, akachechemea kwenda golini.

Sitaki kuongeza chumvi. Misheni walikuwa wazuri, na Kinole hawakugeuka malaika. Lakini Mosi alipopata mpira mguuni, alipita pale ambapo hakukuwa na njia, na alipofunga bao la kwanza alikuwa amefumba macho bado, kwa mazoea. La pili alilifunga akiwa ameyafumbua. Dakika za mwisho Benedikto alibaki na mlinda mlango peke yake, akapiga kombora, na Hatibu akajirusha kwa goti zima na goti bovu, akaudaka mpira kifuani, akaukumbatia kama mtoto aliyeokotwa mtoni. Filimbi ikalia. Mbili kwa mbili. Kinole walimaliza kiangazi wakiwa wa mwisho kati ya timu tatu, na sijasikia timu ya mwisho iliyobebwa mabegani namna ile.

Kelele zilikatika Bibi Furaha aliposhuka na jembe lake. Watu walimpisha. Alifika katikati, akasimama mbele ya Mwinjuma.

"Nilisema ardhi hii ni ya Dadi," alianza. "Si nilisema?"

"Ulisema, Bibi."

"Na leo nimemwona Dadi anafukuzwa hapa, mchana kweupe, watu wote wanatazama. Na aliyemfukuza ni wewe. Kwa hiyo Dadi hana uwanja."

Mwinjuma alilitazama jembe lile. Hakuwa amelifikiria hilo. Katika kuuokoa mpira wa mjomba wake, alikuwa ameutupa uwanja kwa mkono wake mwenyewe. Alimtazama Hatibu, Hatibu akatazama chini.

"Ardhi yangu imerudi kwangu," aliendelea Bibi. "Haina mtu. Kuna anayeiomba?"

Ilimchukua muda kuelewa kuwa ameulizwa yeye.

"Naiomba, Bibi."

"Wewe nani?"

Miezi yote ile hakuna aliyemuuliza. 

"Mwinjuma," alisema. "Mwinjuma mtoto wa Pili."

"Haya. Nimempa Mwinjuma, na ni mpaka afe Mwinjuma, na afya yake naiona si mbaya." Hapo Bibi akacheka, meno machache yote nje. "Dadi alikuwa mzee, nikamtoza jogoo. Wewe una nguvu. Utaniletea jogoo, na utanilimia pembe zote nne. Maharage yangu nitapanda kuzunguka mistari. Na mpira ukiingia kwenye maharage yangu, mtanijua."

Aliinua jembe papo hapo, akalipiga kwenye udongo mweusi nje kidogo ya mstari, tuta la kwanza. Watu walishangilia, na Benedikto, kanzu ya marehemu imemning'inia begani, aliuliza kama Wakatoliki nao watagawiwa maharage.

Pili alikuwa amesimama pale chini, akimtazama kijana wake na kofia ile mkononi. Alianza kuita kaka, neno likamfia mdomoni.

"Mwinjuma!" aliita. "Mwanangu! Umesimama unatazama nini, na bibi wa watu analima peke yake?"

Mwinjuma aliweka kofia juu ya kigoda, akaenda kupokea jembe.