Manabii Wote Walikubaliana

Mume wangu ni seremala. Anashinda na misumeno na patasi, lakini ukimtajia kisu cha daktari ananywea. Ngiri yake ilikuwa imefika pabaya, na daktari alisema wazi kwamba apasuliwe wiki hii hii, maana utumbo ukinasa hatutamuwahi.

Badala ya hospitali akaenda kuombewa. Kwenye kikundi chao, nabii wa kwanza akishasema, wengine huthibitisha kwa zamu. Wa kwanza akasema, "Kisu kitakuua. Umeshapona!" Basi, mmoja baada ya mwingine wakasema amepona. Isipokuwa muuza mboga mmoja tunayemwita Mama Ndimu kwa ukali wa ulimi wake. Yeye alisema, "Mimi sijaonyeshwa kitu." Wakamnyamazisha, eti anavuruga upako.

Mume wangu alinikuta karakanani nafagia maranda.

"Wote wamekubaliana, mama watoto! Ukimtoa yule Mama Ndimu."

Nilichemka. "Na mfalme wa Israeli je? Manabii mia nne walimwambia aende vitani atashinda. Mmoja akapinga, akapigwa kofi. Mfalme alirudi maiti."

Akakaa kwenye benchi la kazi. "Lakini pale Mungu mwenyewe ndiye aliyeruhusu roho ya uongo iingie vinywani mwao. Sasa Mungu akiamua kunidanganya, nitamwamini nani?"

Swali hilo limewahi kuninyima usingizi hata mimi. "Mdanganyifu gani anakuonya kwanza? Yule mmoja alimweleza mfalme kila kitu, mpaka roho ilivyotumwa. Mfalme akasikia yote mawili, akachagua tamu. Wewe ulikwenda kule ukitaka kusikia nini?"

"Kwamba nisipasuliwe," alisema, na machozi yakamtoka. "Naogopa, mke wangu. Naogopa kulala nisiamke."

"Mficha uchi hazai, baba watoto. Si ungesema tangu mwanzo?" Nilimkumbatia na vumbi lake lote. Asubuhi tukaenda hospitali.

Walipomwingiza chumba cha upasuaji, ujasiri wangu wote uliniishia. Nilikaa kwenye korido nikijiuliza, je, kama nabii wa uongo ni mimi? Nikaomba kwa hasira: Mungu, kama kuna wa kudanganywa, nidanganye mimi, yeye mwache.

Daktari alitoka akivua barakoa. Utumbo ulikuwa umeshaanza kubanwa, alisema, lakini tumewahi.

Jioni mume wangu akafumbua macho.

"Niko hai? Usinidanganye."

Nilichukua mkono wake, nikauweka taratibu juu ya bandeji.

"Aa! Inauma!" akapiga kelele, na mimi nikacheka mpaka nikalia.