Yule wa Kwenye Treni

Mimi ni fundi cherehani, na fundi haulizwi swali la bure. Mteja akikuuliza kama kitambaa kinachuja rangi, ujue ameshakifua. Ndiyo maana binti yangu alipoingia chumba cha kushonea na kuniuliza, "Mama, ukiliangalia koti la mtoto, unaweza kujua kama aliyelishona ni mama yake mzazi?", machale yalinicheza.

"Koti lipi?"

"La kwenye video."

Video yenyewe naijua kwa kulazimishwa. Ni ya kundi la wasichana watano wa Korea, na kwenye hii hawachezi dansi. Imepigwa kama sinema, dakika tisa nzima. Mwanamke anashona koti jekundu katika nyumba ya mbao, nje theluji, na barua zikija anazificha kwenye droo. Kila mwaka msichana mmoja anashuka kwenye treni na sanduku la zawadi, analala siku moja, anaondoka. Mtoto wa nyumba ile anakua, mwisho anavaa koti anakwenda stesheni. Hakuna anayesema neno, ni wimbo tu, tena Kikorea. Basi binti yangu na wenzake wa kwenye simu wanagombania maana yake kama watu wanaogombania shamba. Safari hii yeye ndiye aliyechaguliwa kurekodi ufafanuzi, wausikilize wote Jumamosi. Ana miaka kumi na sita, sufuria iliyoungua inamshinda, lakini treni ya Wakorea anaifasiri.

Nikaitazama. "Koti halina pindo," nikamwambia, ili aondoke. "Mzazi anamshonea mtoto kwa kuacha pindo refu, akikua linashushwa. Huyu kamshonea kama mgeni."

Akaandika. Nilimwona akiandika.

Sasa nikwambie kilichokuwa kinanikereketa. Binti yangu huyu sikumzaa. Alimzaa mdogo wangu, akiwa bado mwanafunzi, mimi nikamchukua ana wiki sita na nikamlea wangu. Mdogo wangu anafanya kazi mji mwingine. Anakuja mara moja kwa mwaka, akipata likizo, na begi limejaa zawadi, na binti anamwita mama mdogo. Kuna mtu angeitazama video ile nyumbani kwangu akatulia? Mimi sikutulia.

Siku ya pili akaniuliza, "Mama, kuna picha yangu nikiwa mchanga, umenipakata?" Nikasema zililowa mvua. Siku ya tatu, "Mama mdogo anakuja lini mwaka huu?" Nikimkuta na simu anaigeuza kifudifudi. Nikasema hapa kuna mtu kamwaga mtama kwenye kuku wengi. Nikamshuku kaka yangu, maana akishiba hana siri. Nikampigia, nikamsema mpaka akaapa. Nikamshuku jirani, mteja wangu mwenye mdomo, nikamrudishia gauni lake halijatiwa vifungo. Mwisho nikampigia mdogo wangu mwenyewe.

"Umemwambia?"

"Sijamwambia," akasema. "Lakini dada, tumeshalizungumza hili. Mwambie wewe kabla hajaambiwa na..."

Nikakata simu. Sikutaka kusikia, na nasema wazi, niliogopa. Nani anayekubali kunyang'anywa mtoto kwa sababu ya zawadi za begi moja?

Alhamisi mchana natoka kununua uzi, narudi, mlango wa chumba cha kushonea umerudishwa. Ndani nasikia sauti yake, ya taratibu, ya mtu mzima.

"Anayeshona si mama yake. Mama yake ni yule wa kwenye treni. Na anayeshona anajua siku zote, ila anaogopa kuachwa peke yake, ndiyo maana anaficha barua kwenye droo."

Nikausukuma mlango. Simu alikuwa ameiegemeza kwenye cherehani yangu, yeye amekaa kwenye kiti changu.

"Nani amekuambia?"

"Ameniambia nini?"

"Usinizungushe. Wiki nzima unanizunguka na picha, na likizo, na koti. Basi sawa. Ndiyo, mdogo wangu ndiye aliyekuzaa. Alikuwa mtoto mwenyewe, angekupeleka wapi? Nani alikesha na wewe ulipougua? Nguo zako zote nimekuachia pindo refu, zote, nenda kakague." Hayo ndiyo maneno niliyoyasema, mimi mtu mzima, najitetea kwa mapindo.

Alinyoosha mkono akaizima kamera.

"Mama," akasema, "nilikuwa naongelea video."

"Maneno yale umeyatoa wapi?"

"Kwako. Ulisema mzazi anaacha pindo. Hakuna mwingine kwenye kundi letu la simu aliyeliona, nikajua nimepata. Picha nilitaka kuiweka pembeni ya picha ya mtoto wa kwenye video. Na mama mdogo nilitaka aniletee albamu ya wale wasichana, kule kwake inauzwa."

Nikakaa juu ya robota la vitambaa. Nilijipalia makaa kwa mkono wangu, hakuna wa kumlaumu, hata jirani. Nikataka kusema nilitania. Uso wake ukanionyesha nimechelewa.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

"Nani mwingine anajua?"

"Mjomba wako. Jirani. Bibi, kabla hajafariki." Nikaongeza na mwalimu mkuu, maana cheti cha kuzaliwa kilipita kwake.

"Na mama mdogo, yeye alitaka nisiambiwe?"

Hapo ndipo ningeweza kudanganya. Mdogo wangu alikuwa mbali, uongo ungelala miaka mingine kumi. Nikamtazama mtoto niliyemlea, nikashindwa.

"Alitaka uambiwe ulipomaliza shule ya msingi. Akarudia mwaka jana. Akarudia wiki hii. Mimi ndiye niliyekataa."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu likizo zote zile: mgeni sebuleni, mama mdogo, sema asante kwa zawadi. Kisha akachukua simu, akatafuta namba ya mdogo wangu, akaiweka sikioni. Nikaisikia inaita.

"Mama," akaniambia, na sauti ilikuwa ya adabu kabisa, "naomba utoke."

Ni chumba changu. Kodi nalipa mimi, cherehani ni yangu, na gauni la watu lilikuwa linasubiri mezani. Nikainuka, nikatoka, nikaufunga mlango.