Wafanyakazi wa Mzabuni wa Pili

Jumanne saa tatu asubuhi, Lukresia, mjumbe wa kamati ya tathmini ya zabuni, alifika kwenye wasifu wa kumi na moja wa mzabuni wa pili akamkuta mdogo wake, Masunga. Picha ilikuwa pasipoti saizi, bluu nyuma, na shati lilikuwa lile la kijani alilozikwa nalo. Fundi mwashi, stashahada, uzoefu wa miaka miwili na miezi minne. Muda huo ndio uliokuwa umepita tangu wamzike kijijini kwao Zagayu, nyuma ya zizi la ng'ombe, katika jeneza ambalo wabebaji walilisifu kwa wepesi.

Akaweka rula chini ya jina, akaendelea kusoma. Aliyefuata alikuwa Malimi, aliyepigwa na radi kule Nkoma, kisha Milembe wa kwaya, aliyefariki akijifungua. Vyeti vyote vilikuwa na mihuri.

Zabuni ilikuwa ya kujenga josho la ng'ombe huko huko Zagayu, chini ya mradi wa mifugo wenye ofisi mjini Bariadi. Mzabuni wa kwanza, Mwandu, alikuwa na mafundi sita wanaokula, wanaougua na wanaokwenda misibani, kwa hiyo aliomba siku mia na ishirini. Wa pili aliomba arobaini, kwa sababu watu wake hawalali.

Kesho yake asubuhi kamati ya tathmini, watu watatu, ilikwenda kwa mzabuni wa pili kuhakiki. Wafanyakazi walikuwa uani wakifyatua matofali, bila jasho na bila maneno. Lukresia alisimama mbele ya mdogo wake.

"Mwangaluka, Masunga."

Masunga alimtazama kama mtu anavyotazama ukuta, akalaza tofali, akashika jingine. Hata salamu ya nyumbani hakuijibu. Lukresia aliumia moyo, na maumivu yalikuwa yale yale ya siku ya mazishi. Pembeni yake Januarius, mwenyekiti wa kamati, alihesabu vichwa akaweka tiki.

Meneja wa kampuni, Mayunga, alikuwa mtu mpole. "Msiwe na wasiwasi," aliwaambia. "Tukikosa kazi hii tunawarudisha walikotoka, wapumzike. Tukipata, tunaendelea nao."

Waliporudi ofisini, Lukresia alimpa mzabuni wa pili sufuri kati ya alama ishirini za wafanyakazi.

"Sababu, dada Lukresia?" Januarius aliuliza.

"Wamekufa, mwenyekiti."

"Hilo nimeliona. Nionyeshe kigezo."

Nyaraka za zabuni zilitaka cheti, uzoefu na picha. Uhai haukutajwa popote. Januarius hakuwa mla rushwa. Hata soda ya mzabuni hakuwahi kuigusa, na ndiyo maana alikuwa mgumu kama gogo la mkwaju. "Tukiongeza kigezo baada ya kufungua zabuni, tunamwonea mtu," alisema. "Haki ni haki."

Ikabaki njia moja. Mjumbe mwenye ndugu kwa mzabuni hujitoa, akidi huvunjika, zabuni hutangazwa upya. Lukresia akaomba fomu ya mgongano wa maslahi, akaandika: mdogo wangu wa tumbo moja, ameajiriwa na mzabuni wa pili. Fomu ilitaka uthibitisho wa undugu. Akaambatisha cheti cha kifo, maana ndiyo karatasi pekee duniani iliyoandika kwamba yeye ni dada wa Masunga: ndiye aliyetoa taarifa ya msiba.

Januarius alikisoma mara mbili. "Huyu ni marehemu," alisema. "Marehemu haajiriwi. Mgongano haupo."

"Na zile alama ishirini?"

"Zile ni za fundi."

Kufa kufaana, walisema wahenga, ingawa wao walikuwa wakiwazungumzia warithi. Lukresia alifuta sufuri, akaandika ishirini. Kisha akatia sahihi.

Siku ya tisa ya ujenzi alitumwa kukagua. Masunga alikuwa akipiga plasta hatua arobaini kutoka kwenye kaburi lake mwenyewe. Mama yao, Monika, alikuwa amekaa juu ya mfuko wa saruji na bakuli la michembe ya viazi vitamu mapajani, limefunikwa kwa kitambaa. Alikuja nalo kila siku, na kila siku msimamizi alimweleza kwa heshima kwamba chakula hakimo kwenye mkataba.

"Nimesikia ni wewe uliyempitisha," mama alisema.

"Ni mimi, mayu."

"Miaka sita alizunguka na vyeti vyake kwenye bahasha, viatu vikaisha soli. Kila ofisi inamwambia arudi kesho." Alipangusa vumbi kwenye kitambaa. "Nilijua hutamsahau mdogo wako. Na umempa kazi karibu na nyumbani, ninamwona. Wabeja, mwanangu, asante."

Lukresia alifungua mdomo amwambie kwamba bila kazi hii Masunga angepumzika. Mama alikuwa akitabasamu, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miaka miwili na ushee.

"Haya, mayu," alisema.

Akafungua jalada, akahesabu mafundi mmoja mmoja, akaandika kwamba wote wapo.