Nafasi ya Picha Moja

Pikapu ya Trent ilikwishageuza pua kuelekea barabarani, mizigo imefungwa turubai nyuma, pale mama yake alipochomoka jikoni na aproni yake kiunoni, mkono juu.

"We Trent! Zima hilo gari!"

Trent akakanyaga breki. Alikuwa na siku tano za kuendesha, kutoka Nebraska mpaka Alaska, alikopata kazi ya kutengeneza ndege ndogo, na kwaheri alikuwa ameshaaga mara mbili.

"Nimesahau nini tena, Mama?"

"Picha."

Dada yake Janelle, aliyekuwa amesimama uani na funguo za gari lake mkononi, aliguna. "Mama, saa nne natakiwa kazini Lincoln. Kuna mtu atakuwa amekaa kwenye kiti, kinywa wazi, anasubiri meno."

"Na asubiri. Kinywa ni chake."

Leona, mama yao, akatoa kamera mfukoni mwa aproni. Ilikuwa kamera ndogo ya rangi ya fedha, ya kuenea kiganjani. Aliinunua kwa dola sabini siku ile watu wanapopigana vikumbo madukani, kesho yake ya sikukuu ya Shukrani. Ilitumia betri mbili za kawaida na ilizila kwa pupa. Kadi ya kuhifadhia picha hakuwahi kununua; muuzaji alipomtajia, alisema kadi ni ya watu wanaokwenda Ulaya. Bila kadi kamera ile ilibeba picha kumi na mbili tu, na kumi na moja zilikuwa zimeshakaa mle ndani.

Nyumba ile ilikuwa na sheria. Picha ikishapigwa, wote waliomo wanakusanyika kwenye kile kioo kidogo, na yeyote asiyejipenda anasema "futa." Inafutwa, hakuna kujadiliana. Sheria aliitunga Leona mwenyewe. Krismasi ya kwanza ya kamera hiyo alituma, pamoja na ile barua yake ya kila mwaka ya habari za familia, picha ya dada yake akitafuna pai. Barua ile ilikwenda kwa watu sitini. Dada yake hakukanyaga kwao miezi kumi na minne. Tangu hapo futa ikawa futa.

Kwa miaka miwili sheria hiyo haikumsumbua mtu. Ilianza kumsumbua Leona mwezi wa tatu, mumewe Emil alipoanza kufuta kila picha aliyomo. Mwezi huo daktari alikuwa amemwonyesha Emil kitu kwenye kongosho. Wakiwa ndani ya gari, hata hawajatoka kwenye maegesho ya hospitali, Emil alimwapisha mkewe asiwaambie watoto. Trent akijua hataenda Alaska, na kazi kama ile haiji mara mbili. Leona akaapa.

Lakini aliapa kunyamaza. Kuhusu picha hakuapa. Sasa ulikuwa mwezi wa nane, na alijua kwamba wanne wale hawatasimama tena pamoja pale uani. Picha ya wanne hakuwa nayo hata moja, maana miaka yote mpigaji alikuwa yeye.

Akapindua ndoo juu ya boneti ya pikapu, akaweka kamera juu yake, akabonyeza kile kitufe cha kuhesabu sekunde kumi, akakimbia kujipanga kando ya Emil na watoto. Kamera ikalia, ikamulika. Wakakusanyika.

"Futa," alisema Janelle. "Nina videvu viwili."

"Ulizaliwa navyo," Trent akamwambia.

Ikafutwa. Leona akakimbia tena, kamera ikamulika tena, wakakusanyika tena.

"Futa," alisema Emil.

"Emil, mbona umetoka vizuri."

"Nimetoka kama mti wa kutundikia makoti. Futa."

"Si ule basi, Baba," Trent akasema.

"Nile nini? Mama yako anapika kama anapikia wafungwa."

Watoto wakacheka. Leona akafuta.

Janelle akampokonya kamera, akapitisha picha moja moja. "Mama! Picha nne nzima za maboga? Si uyafute hayo tupate nafasi?"

"Maboga hayajalalamika."

Taa nyekundu ya betri ilikuwa imeanza kuwaka na kuzima. Leona akabonyeza kwa mara ya tatu. Safari hii goti lilimgoma, akachelewa. Trent alimtekenya dada yake, dada akapiga yowe. Emil akageuza uso kukohoa. Ikamulika.

Ilikuwa picha mbaya kuliko zote. Trent amefumba macho, Janelle kinywa wazi mpaka mwisho, Leona nusu mtu na aproni imepeperuka. Emil alikuwa katikati, jua limempiga ubavuni, ameshika suruali isimvuke, na shingo yake imeachana na kola ya shati pande zote. Mtu akitulia kuitazama, alikuwa hahitaji kuambiwa na daktari.

"Futa!" wakasema wote watatu.

Leona aliichukua kamera. Akabonyeza. Kamera ikamuuliza kama ana hakika, ikampa majibu mawili, ndiyo na hapana. Akaweka kidole gumba juu ya kioo, akachagua hapana.

"Imeenda?" Emil akauliza.

"Imeenda."

Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa alikuwa hajamdanganya, ukiacha bei ya mapazia.

"Basi ya mwisho, Mama, upesi," Janelle akasema.

Leona akasukuma kitufe cha kuzimia, akawaonyesha kioo cheusi. "Betri zimekufa."

"Chukua za rimoti."

"Za rimoti ndizo hizi."

Trent akambusu mama yake kwa mara ya tatu, akamkumbatia baba yake, akasema, "Mzee, kula." Pikapu ikaondoka. Gari la Janelle likafuata, likakunja upande wa pili. Emil akakaa kwenye ngazi za baraza.

"Wewe mwanamke, umeifuta kweli?"

"Ingia ndani unywe supu."

Emil akaingia. Hakuuliza tena.

Emil alikufa tarehe tisa mwezi wa kumi na moja, mwaka uleule. Theluji ilimzuia Trent, akafika siku tatu baada ya mazishi. Alipojua kwamba mama yake alijua tangu mwezi wa tatu, hakuzungumza naye hadi majira ya kuchipua. Picha ilikwenda na barua ya Krismasi kwa watu sitini. Janelle alipiga simu kulalamika kwamba sheria imevunjwa, na kabla ya kukata akaagiza nakala mbili. Trent ameitundika juu ya meza yake ya kazi. Alioa mwalimu, wakaachana, akaoa tena, na ana mabinti wawili. Janelle bado yuko kwenye kliniki ileile ya meno, sasa ndiye msimamizi. Leona aliuza nyumba baada ya miaka minne, akahamia Lincoln. Amewekewa goti jipya, la kulia.