Uzi Kwenye Gauni la Noor

Mie Tusajigwe, fundi cherehani wa Mbagala, nguo yangu haitoki na uzi unaoning'inia. Miaka kumi na nane sasa. Mteja akishavaa namzungusha, nikiuona uzi nakata hapohapo mwilini. Ukiniona na mkasi, simama wima na unyamaze.

Siku ile alisimama Noor, mtoto wa miaka saba, anajaribu gauni la harusi ya shangazi yake. Noor anatibiwa kansa ya damu, na dawa zake hupita kwenye mpira mwembamba uliotokeza kifuani. Mama yake, Wahiba, alinieleza yote vizuri. Mie nikaitikia tu, akili iko kwenye kiuno cha gauni. Wahiba akavuka barabara mara moja kufuata vifungo.

Nikaona kitu cheupe kimechungulia shingoni mwa gauni. Uzi! Kacha, nikakata.

Damu ikachuruzika. "Yesu wangu!" nikapiga yowe.

"Fundi, usipige kelele," Noor akasema. "Ukunje mpira, huku karibu na mimi. Ubane."

Nikakunja, nikabana kwa nguvu zangu zote. Damu ikakoma. Mwenyewe akafungua begi lake, akatoa kibanio, akabana kati ya vidole vyangu na kifua chake, kisha akazungushia kitambaa safi cha hospitali penye ncha ya mpira iliyokatwa.

"Sasa achia. Mama kanifundisha."

Niachie? Thubutu!

Wahiba aliporudi hakunitukana, na afadhali angenitukana. Tukapanda bajaji, mie nimeubana mpira vilevile. Njiani Wahiba akanieleza taratibu: kama nimekata karibu mno na ngozi, mpira hauungiki. Noor atarudi chumba cha upasuaji kuwekewa mwingine, na ule wa kwanza ulimliza wiki nzima. Nilijichukia jamani, nikaichukia na mikono yangu.

Hospitali tukapokelewa na nesi Filomena. "Mama, achia basi nione."

Vidole vyangu vikagoma. Akavibandua kimoja kimoja, huku Noor anacheka. Nikautazama mpira uliobaki nje. Jicho la fundi halina likizo.

"Inchi mbili na robo," nikasema.

Filomena akaweka rula yake. "Mbili na robo kweli! Inatosha kuunga."

Nililia mpaka kamasi. Noor akanipapasa mgongo. "Pole, fundi. Mara ya kwanza inaogopesha."

Filomena akavaa glavu, akasafisha, akanyoosha pale nilipoharibu, akachomeka kipande kipya na kukigandisha kwa gundi. Akasema usitumike kwanza mpaka gundi ishike. Nikachungulia kile kiungo. Kazi safi, sikupata la kukosoa, na mie hukosoa kila mtu.

Jumamosi Noor akaja kuvaa gauni lake. Ndani nilikuwa nimemshonea kimfuko laini cha kuhifadhi mpira. Akajizungusha mbele ya kioo, anajiona bibi harusi yeye.

"Da Tusa," Wahiba akasema, "mbona kuna uzi hapa begani?"

"Nimeuona."

"Si uukate?"

Noor akasimama wima, akanyamaza, kidevu juu, ananisubiri. Hakuogopa hata kidogo. Mie ndiye niliyeogopa. Nikautia mkasi kwenye droo nikaifunga.

"Uache uning'inie," nikasema. "Nendeni, mtachelewa harusi."