Fundo Kwenye Mkono wa Profesa

Nilifundisha jiometri kwa miaka thelathini na minane katika shule ya sekondari hapa mjini Duluth, Marekani, na katika muda huo wote sikumsamehe mwanafunzi hata mmoja aliyenakili kazi ya mwenzake. Sikuona sababu ya kuanza kusamehe uzeeni, hasa aliyeibiwa alipokuwa Aili, mjukuu wangu.

Aili alisomea shahada ya uzamivu katika tawi la hisabati linalochunguza mafundo: lipi likivutwa hufunguka, na lipi halifunguki kamwe. Alithibitisha kwamba fundo moja sugu, lililowashinda wakubwa wake, halifunguki kamwe. Msimamizi wake, Profesa Lowell Brandvold, akauchapisha uthibitisho huo kwa jina lake peke yake. Bila kazi ile Aili hakuwa na shahada. Miaka mitano ilikuwa imekwenda bure.

Watu wa idara ile wana desturi nisiyoipenda: apataye uthibitisho huenda kuchorwa tatuu yake. Mmoja ana tarakimu za pai shingoni. Mwingine ana pembetatu mgongoni. Brandvold alichorwa lile fundo mkononi, na jarida la chuo likatoa picha yake akitabasamu.

Niliitazama picha hiyo kwa kioo cha kukuzia.

“Aili, hapa kamba imepita juu. Kwenye daftari lako inapita chini.”

Akainama. “Babu! Hilo ni kosa langu! Nilikosea siku ya kwanza, nikarekebisha kesho yake. Ule wenye kosa nilikuwa nimeshamtumia; uthibitisho ulifuata baadaye.”

“Kwa hiyo amechorwa kosa lako.”

“Kwenye ngozi!” akasema, na kwa mara ya kwanza tangu theluji ianze akacheka.

Alitaka kuiandikia barua kamati ya nidhamu ya chuo. Nikamkataza.

“Barua wataisoma watu watatu, kisha itafungiwa kabatini. Yeye amekuibia hadharani.”

“Babu, unataka kumwaibisha tu.”

“Ndiyo.”

Jumatatu Brandvold alitoa mhadhara wa wazi, mikono ya shati ameikunja hadi kwenye viwiko. Ulipofika wakati wa maswali nikasimama.

“Profesa, mchoro huo wa mkononi ni kazi ya nani?”

“Yangu mwenyewe, mzee wangu. Nilikuwa naoga, fundo likanijia zima zima. Nikalichora hata kabla sijajifuta maji!” Watu wakacheka.

“Hakuna mwingine aliyeugusa?”

“Hata mke wangu hakuuona.”

“Basi nisaidie nilifunge.” Nikatoa kamba ya kuanikia nguo mfukoni mwa koti. Akaunyoosha mkono wake kwa ukarimu, nami nikaifuata tatuu kwa kamba pale mezani hatua kwa hatua, nikitamka kwa sauti: juu, chini, juu.

“Kumbe walimu wa zamani bado wana vidole!” akanitania.

“Na macho pia.” Nikampa ncha zote mbili. “Vuta.”

Akavuta. Kamba ikanyooka.

Msichana mmoja wa nyuma akapaza sauti: “Profesa, fundo limekutoroka!” Kicheko kikatikisa viti.

“Mchoraji tatuu ndiye aliyekosea,” akasema Brandvold, uso umemwiva. “Hawa watu wa sindano mnawajua.”

Aili akasimama, akainua daftari lake, lenye ukurasa wa kosa lile lile, pamoja na nakala ya barua pepe aliyomtumia Profesa ukurasa huo, yenye tarehe.

“Mchoraji hakukosea, Profesa. Nilikosea mimi.”

Mlangoni Brandvold alinishika kiwiko. “Mzee Kangas, si ungeniita pembeni tu?”

“Wewe ulimwita mjukuu wangu pembeni?”

Kamati ilimrudishia Aili kazi yake, ikachapishwa upya kwa jina lake. Kisha Brandvold akaleta karatasi, akimsihi atie sahihi kwamba yote yalikuwa kutoelewana baina yao, ili asifukuzwe. Aili aliisoma mara mbili. Alinitazama, nami nikamwachia aamue, kwa kuwa jina lililoibwa lilikuwa lake, si langu.

“Tulielewana vizuri sana, Profesa,” akamwambia, akamrudishia karatasi bila sahihi.

Brandvold aliondoka chuoni mwezi Juni. Nasikia sasa anaifuta ile tatuu, na kwamba mashine ya kufutia huuma kuliko sindano, tena lazima arudi mara kumi. Nimeuliza kwa watu wawili tofauti. Wote wamesema ni kweli, na nimefurahi.